Mganda Wetu na Skonzi za Baraza

Aloys Kibuuka alipomwambia mke wake kwamba anataka kugombea udiwani, Kamanthe alicheka mpaka akalazimika kuweka chini ungo wa ndengu aliokuwa akipeta.

"Wewe?" akasema. "Wewe ambaye chifu akikuita unavaa koti kabla hujajua kama kosa ni lako au la jirani?"

"Mimi huyo huyo," Aloys akajibu. "Na koti si ninalo tayari."

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Sisi tuliokuwa na vibanda pale Kwa Ndunda, mbele kidogo ukishapita Tala, tulilisikia jambo hilo siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nashona viatu ng'ambo ya barabara, nikitazamana na mlango wa tanuri lake, kwa hivyo naweza kusema nilimjua. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono minene, na nyusi zake zilikuwa na unga hata siku ya Jumapili. Mikate yake ilikuwa mizuri, lakini skonzi ndizo zilizomjengea jina. Walimu waliziagiza kutoka mbali. Madereva wa malori waliokuwa wakienda Mlolongo waliacha njia yao ya kawaida ili wapitie kwake.

Tulimwita Mganda. Baadaye tukamwita Mganda wetu, na sijui ni lini hasa lile neno la pili liliongezeka.

Alizaliwa kijijini karibu na Masaka, huko Uganda, na kazi ya kuoka alijifunzia Kampala kwa Mhindi mmoja mzee aliyempenda kama mwanawe. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipofukuzwa nchini, duka lile la mikate likapewa mwanajeshi. Aloys alikuwa akitueleza habari za mwanajeshi huyo bila chuki, kama mtu anayeeleza ugonjwa aliopona. Bwana yule hakujua hamira ni nini. Alijua bunduki. Kila mwisho wa wiki aliuliza kwa nini faida imepungua, ilhali marafiki zake walikuwa wakibeba mikate bila kulipa. Mwenzake Aloys, kijana wa kupima unga, siku moja akamjibu ukweli. Kesho yake hakuja kazini, wala hakuonekana tena. Aloys alivumilia kwa muda, akioka na kunyamaza. Mwaka wa sabini na saba akapanda lori lililobeba magunia matupu, akajilaza chini ya magunia hayo, akavuka Busia akiwa hana kitu ila nguo alizovaa.

Watu wa kanisa walimpokea Nairobi, na padri mmoja akamleta Ukambani ili aoke mikate ya shule ya bweni. Baada ya miaka michache akajijengea tanuri lake la matofali Kwa Ndunda, akamwona Kamanthe, akaenda kwa baba yake kuposa.

"Mbuzi wako wako wapi?" mzee akamwuliza.

"Walibaki Masaka, mzee."

"Basi hao waendelee kula nyasi za Masaka. Utalipa wa hapa."

Akalipa, kidogo kidogo, na mzee akawa rafiki yake mkubwa. Uraia ulichukua muda zaidi. Sheria ilitaka mgeni aonyeshe kwamba anakijua Kiswahili, basi ofisa mmoja wa Nairobi akamwambia aeleze kwa Kiswahili kazi anayofanya. Aloys akaanza na unga, akaja kwenye hamira, akaeleza jinsi donge linavyopumzika na jinsi linavyoumuka, na alipofika kwenye siagi ofisa akamwambia basi, yatosha, muda wa chakula cha mchana bado na mimi sijanywa hata chai. Hivyo ndivyo alivyopata kuwa Mkenya.

Sasa, kwa nini mtu kama huyo, mwenye kumwogopa hata chifu, aliingia siasa? Chanzo kilikuwa vibanda. Mwaka uliotangulia baraza la mji wetu lilikuwa limepiga kura kubomoa vibanda vya upande wa chini wa soko. Vilibomolewa siku ya soko, nyanya za watu zikakanyagwa. Diwani wetu wa wakati huo akaja kutupa pole. Aloys akamwuliza mbele yetu sote, kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, siku ile ya kupiga kura, wewe uliinua mkono upande gani?"

Diwani akasema hayo ni mambo ya ndani ya baraza.

"Lakini nyanya zilikuwa za nje," Aloys akasema.

"Ukitaka kujua ya ndani, gombea uingie!" diwani akafoka, akaingia kwenye gari lake.

Nadhani diwani hakuyasema maneno hayo kwa maana yake hasa. Aloys ndiye aliyeyachukua kwa maana yake hasa.

Shida ya kwanza ilikuwa chama. Aloys hakutaka chama chochote, alitaka kusimama peke yake, lakini sheria ya siku zile haikumruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Akaenda Nairobi, akatafuta mpaka akapata kimojawapo cha vile vyama vya mkoba, ambacho ofisi yake ilikuwa meza moja na viti viwili juu ya duka la kuuza redio. Mwenyekiti wa chama akampa cheti na kumwambia akishinda atakuwa mwanachama wao wa kwanza kushinda kitu chochote. Alama ya chama ilikuwa ndoo.

Alirudi ameinama kwa aibu, lakini Kamanthe, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, akaona mbali kuliko yeye. "Ndoo?" akasema. "Katika mji huu usio na maji? Kila mwanamke anayekwenda kuteka maji atakuwa amebeba bango lako kichwani." Na ikawa hivyo kweli. Wagombea wengine walichapisha mabango, sisi tukawa tunapishana na ndoo za Aloys kutwa nzima.

Siku niikumbukayo zaidi ni ya mkutano wa uwanja wa shule ya msingi, wagombea wote wakiwa wamekaa kwenye viti vya darasani. Mtu wa diwani wa zamani akashika kipaza sauti, akauliza kama sisi watu wa Kwa Ndunda tumeishiwa na watu hadi tuongozwe na mkimbizi.

Aloys akasimama. Nilimwona akivuta koti lake chini, kwanza upande mmoja, halafu mwingine.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ni mkimbizi. Sikuja hapa kutalii. Kule nilikotoka mtu mmoja alikuwa akiamua kwa niaba ya wote, na hakuna aliyeweza kumwuliza. Ndiyo maana mimi nauliza. Nimekuja kuwaomba kula zenu, na mkinipa, kila siku ya soko nitasimama mlangoni pangu niwaambie mkono wangu uliinuka wapi. Mkiniona nimenyamaza, mnifukuze."

Alisema "kula" badala ya kura, kwa kuwa ulimi wake wa Kiganda uliichanganya ile herufi. Mahali pengine wangemcheka. Lakini sisi Wakamba nasi tunasema vivyo hivyo, kwa hivyo hakuna aliyesikia kosa lolote.

Kalunde, mwuza nyanya, ambaye mali yake ndiyo iliyokanyagwa siku ile, akapaza sauti kutoka katikati ya umati. "Huyo mkimbizi ndiye alioka keki ya harusi yangu! Wewe mwenye kipaza sauti, ulileta nini?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kilipotulia, Mama Wacuka akasimama. Alikuwa mama wa Kikuyu aliyeuza viazi pembeni mwa soko, mtu asiyependa maneno. Alikuja kwetu mwaka wa tisini na mbili baada ya nyumba yao kuchomwa huko Bonde la Ufa. "Na mimi nilikimbia," akasema, kisha akaketi. Nakumbuka kwamba baada ya hapo yule mwenye kipaza sauti hakulitaja tena neno mkimbizi, na Aloys alibaki akimwangalia Mama Wacuka kwa muda mrefu.

Alishinda kwa kura chache. Kamanthe alimpigia pasi lile koti, na Mganda wetu akaingia barazani.

Ahadi yake aliitimiza. Jumamosi, siku ya soko, mikate ya asubuhi ikishatoka, alisimama kwenye ngazi za duka akiwa bado na aproni, akatoa habari. Kikao chake cha kwanza kilikuwa cha safari. Madiwani walitaka baraza liwapeleke Mombasa wiki nzima kujifunza namna ya kuzoa takataka. Wote waliinua mikono kuunga, ila yeye.

"Kwa hivyo hutaenda?" mtu akamwuliza.

"Siendi."

"Watakubebea hata korosho?"

"Sidhani."

Walienda. Aloys akabaki akioka. Waliporudi, wamenawiri, walikuwa wamejifunza jambo moja la maana kuhusu mapipa yenye vifuniko. Hoja ya kununua mapipa hayo ilipoletwa, Aloys akaiunga mkono, na Jumamosi akatuambia hivyo, na kwamba wazo lilikuwa zuri ingawa lingeweza kuja kwa posta. Hilo ndilo lililowachanganya wenzake. Hakuwa wa upande wa mwenyekiti, wala hakuwa wa kundi lililompinga mwenyekiti. Kila upande ulikuwa ukimhesabu kuwa wake mpaka dakika ya kuinua mikono.

Na sisi pia alituudhi. Alipiga kura kuongeza ushuru wa soko ili kijengwe choo, kisha Jumamosi akasimama na kutwambia mwenyewe. Kalunde nusura ampige kwa nyanya.

"Tulikupeleka huko utuongezee ushuru?" akapiga kelele. "Hebu sema, kwa nini uliinua huo mkono wako?"

"Kwa sababu wewe ukitaka kujisaidia unatembea mpaka nyuma ya kanisa, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Aiya! Hilo ni jambo la kusema mbele za watu?"

"Si umeniuliza mbele za watu?"

Soko zima lilicheka, Kalunde peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo akasusia mikate ya Aloys. Asubuhi alikuja na mihogo ya kuchemsha, akakaa pale pale mbele ya duka la mikate, akaila polepole, akimwangalia. Aloys alimwamkia kila siku, na kila siku Kalunde akamjibu kwa mdomo uliojaa muhogo. Mambo yaliendelea hivyo hadi choo kilipofunguliwa. Siku hiyo Kalunde aliingia, akatoka, akavuka moja kwa moja hadi dukani, akaweka pesa mezani, akachukua skonzi yake na kuondoka. Aloys akaniangalia kutoka ng'ambo, nami nikajifanya nashona.

Sasa nifike kwenye habari ya baraza lenyewe, ambayo niliiona kwa macho yangu. Mwananchi aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma wakati wa kikao, mradi anyamaze. Miaka yote benchi hilo lilikuwa la kuwekea miavuli. Tangu Aloys aingie, watu wa soko walianza kulijaza, na siku hiyo nilifunga kibanda nikaenda.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bartholomew Muthoka, bwana mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye duka la mabati, misumari na simiti. Hakuwa mtu mbaya. Alisaidia misiba, alilipia watoto wa ndugu zake shule. Ila kila baraza liliponunua bati au msumari, vilitoka dukani kwake, kwa bei aliyoipanga yeye, kwa kura aliyoisimamia yeye. Sasa baraza lilikuwa linataka kuezeka soko, soko zima, na kila mtu alijua mabati yatatoka wapi.

Aloys akasimama na hoja yake. Kila diwani aseme waziwazi ana biashara gani na mali gani, na jambo linalogusa biashara yake likifika, atoke nje ya chumba mpaka wenzake wamalize kupiga kura.

Bartholomew hakukasirika. Alijiegemeza kitini, akatabasamu, akachukua sahani iliyokuwa mbele yake.

"Mheshimiwa Kibuuka," akasema, "hii ni nini?"

"Ni skonzi, mwenyekiti."

"Imetoka wapi?"

Nilimwona Aloys akiitazama ile sahani. Kwa miaka mingi kabla ya kuwa diwani alikuwa akiliuzia baraza mikate ya chai. Alipochaguliwa, mpishi aliendelea kuagiza na yeye akaendelea kupeleka, na naapa kwamba hakuwahi kulifikiria. Hata sisi hatukulifikiria. Madiwani walianza kugeukiana. Mmoja aliyekuwa akitafuna akaacha kutafuna.

"Imetoka kwangu," Aloys akasema.

"Na pesa za kuinunua?"

"Za baraza."

"Aa," akasema Bartholomew, na akarudisha sahani mezani kwa adabu sana.

Ningekuwa mimi, ningetafuta maneno. Ningesema skonzi si bati. Aloys alisimama pale, masikio yamemwiva, kisha akacheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyekutwa amevaa shati nje ndani.

"Mwenyekiti amesema kweli," akasema. "Hoja yangu imeanza na mimi mwenyewe. Basi mimi natoka. Jadilini mkate wangu."

Akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akikaa kwenye ukuta mfupi wa nje, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri dawa. Ndani, Onesmus, karani wa baraza, kijana makini sana aliyependa kanuni kuliko chakula, akauliza kama sasa hoja ni ya skonzi au ni ya waheshimiwa wote. Bartholomew akasema ni ya skonzi tu. Hapo diwani mmoja mzee, ambaye kwa kawaida alilala hadi wakati wa chai, akasema, "Mwenyekiti, yule ametoka nje kwa sababu ya mkate. Sisi tukibaki ndani na malori yetu, wale wa benchi la nyuma watatuonaje?"

Wote wakageuka kutuangalia. Sisi tukawaangalia. Kalunde, aliyekuwa kando yangu, akakunja mikono.

Hoja ikapita, ile ya waheshimiwa wote. Sidhani ilipita kwa mapenzi. Ilipita kwa sababu ya mtu mmoja kukaa kwenye ukuta.

Wiki iliyofuata waheshimiwa walisimama mmoja mmoja kutaja mali zao, na benchi la nyuma lilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Mmoja akasema yeye ana punda wawili na mkokoteni, na punda mmoja ni mgonjwa. Mwingine alisema ana posho mill ya kusagia mahindi na nusu ya kilabu cha pombe. Wa tatu akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa huzuni kwamba yeye ni mtu wa hivi hivi tu, hana kitu. Tulijitahidi kunyamaza, lakini lori lake la mchanga lilikuwa limeegeshwa mbele ya dirisha, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu. Hata Bartholomew alicheka hadi akafuta macho. Zamu ya Aloys ilipofika alisema ana tanuri moja, duka la kupanga, shamba dogo la mke wake ambalo si lake, na nusu ya ng'ombe.

"Nusu ya ng'ombe?" Onesmus akauliza, kalamu hewani.

"Tunamiliki pamoja na shemeji. Tumekubaliana nusu yangu ni ile ya kutoa maziwa."

Siku ya kupigia kura mabati, mwenyekiti akamwachia kiti makamu wake na kutoka nje kwa hatua za heshima. Baada ya muda mfupi, Kalunde akasahau kwamba haturuhusiwi kusema. "Mzee Muthoka," akaita, "hata hapo dirishani ni ndani!" Kivuli kikubwa kikaondoka dirishani.

Tenda ikatangazwa wazi. Duka moja la Tala likaleta bei ya chini. Bartholomew naye, aliposikia, akaleta bei ya chini zaidi, na kwa kuwa safari hii wengine ndio walioamua, akashinda kwa haki. Jioni yake alikuja kwa Aloys, akajaza mlango mzima.

"Umenifanya nishushe bei ambayo hata marehemu baba hakuwahi kuishusha," akalalamika.

"Pole, mzee. Lakini si umeuza?"

"Nimeuza! Na faida kidogo nimepata. Hilo ndilo linaloniudhi." Akaangalia kabati la kioo. "Nipe hizo sita. Nazilipia mwenyewe."

Mkate wa baraza, kwa upande wake, ulimtoka Aloys. Kazi ya chai ilipewa Mwihaki, mama aliyepika mandazi karibu na posta, mandazi mazito ya kushibisha. Madiwani walivumilia kikao kimoja. Kikao cha pili, wakati wa mapumziko, nikainua macho kutoka kwenye soli niliyokuwa nikiibandika, nikaona baraza zima la mji limevuka barabara na kupanga foleni kwa Aloys, kila mtu na pesa zake mkononi. Onesmus aliulizwa kama hilo nalo lina shida. Akafikiri sana, akasema mfuko wa mtu ni wa mtu, kisha akajiunga na foleni.

Paa la soko likakamilika kabla ya mvua za Novemba. Lakini katikati ya furaha hiyo sisi wa karibu tuliona kwamba Mganda wetu ana jambo. Habari ilikuwa imemfikia kupitia dereva wa lori kutoka Masaka kwamba mama yake mzazi, ambaye sasa alikuwa mzee sana, anauliza kila siku kama Aloys yuko hai. Amani iliporudi kwao, miaka ya themanini, Aloys alikuwa akienda kumwona kila alipojaliwa nauli. Tangu achaguliwe hakwenda hata mara moja.

"Anaogopa," Kamanthe akatuambia dukani, mumewe akiwa hapo hapo akikanda unga. "Anaogopa akivuka mpaka watasema, mnaona, mkimbizi amerudi kwao."

"Watasema," Aloys akajibu bila kuinua kichwa.

"Acha waseme! Mama ni mmoja."

Jumamosi alitoka kwenye ngazi kama kawaida, akatoa habari za kura, mbili za ndiyo na moja ya hapana. Halafu akaanza kuisokota aproni mikononi. Akasema angependa kwenda kumwona mama yake, kwao, ikiwa watu wake wataona ni sawa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba ruhusa kwa sauti ile.

"Kwani unatuuliza sisi?" Kalunde akasema. "Nenda umwone mama, Mganda. Ukikawia tutakuja kukuchukua."

Mama Wacuka alikuja tu na gunia dogo la viazi, akaliweka mlangoni, akasema hivyo ni vya bibi.

Wakaondoka, yeye na Kamanthe, kwa basi la usiku. Yaliyotokea huko alinisimulia Kamanthe mwenyewe. Alisema yule bibi alikuwa mdogo kama mtoto wa shule, amekaa kwenye mkeka, na alimshika mwanawe usoni kwa mikono miwili na kumchunguza kama anatafuta alama. Kisha akauliza kwa Kiganda, na Aloys akamtafsiria mkewe, ni kazi gani huko ugenini inayomzuia mtu kuja kumsalimu mama.

"Walinichagua, mama. Mimi ni diwani."

"Walikuchagua? Wakijua unatoka kwetu?"

"Walijua. Walielezwa hata kwa kipaza sauti."

Bibi akauliza, "Na wewe unawafanyia nini?"

Aloys akaanza kumweleza kuhusu choo, na mapipa yenye vifuniko, na paa la mabati, na jinsi alivyotoka nje akakaa ukutani kwa sababu ya skonzi. Hapo bibi akacheka, hana jino hata moja, akacheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini, na ikabidi hadithi irudiwe tangu mwanzo, kwa wote, viazi vya Mama Wacuka vikiwa vinachemka jikoni.

Walikaa wiki mbili. Bibi alitaka wakae zaidi, akamshika Kamanthe mkono asiuachie. Aloys akamwahidi atarudi Pasaka, na safari hii hatangoja kuruhusiwa na mtu. Kisha wakapanda basi la Jumanne, kwa kuwa Alhamisi kulikuwa na kikao, na baraza lilikuwa linakwenda kupiga kura kuhusu maji.